Kinda aliyeanguka: Huruma pekee haimwokoi ndege

KILA mvua ya vuli inaponyesha Ukambani, kati ya Oktoba na Desemba, miti ya Machakos hugeuka kuwa kijiji cha ndege. Kwera husuka viota kwenye ncha za matawi ya migunga, hua hupanga vijiti vichache juu ya miembe ya Masii na Mwala, nao bundi hulea watoto wao katika dari za nyumba na madarasa. Ni katika msimu huo ambapo watoto waendao shuleni na wakulima waliomo mashambani hukuta viumbe wadogo chini ya miti, wengine wakiwa uchi, wengine wamevaa nusu ya manyoya, midomo wazi.

Wanaowaokota huwabeba kwa nia njema. Huwatia katika katoni, wakawapa maziwa kwa kijiko, makombo ya mkate au tonge la ugali, na kuwaweka karibu na jiko. Asubuhi ya pili au ya tatu, katoni huwa kimya.

Wahenga walinena kwamba huruma hailei mwana. Kwa kinda wa ndege wa mwitu, methali hiyo ina ukweli wa kutisha. Wengi wa makinda wanaookotwa hawakuwa wamepotea wala kuachwa na wazazi wao. Kilichowatenganisha na wazazi hao ni mkono wa binadamu. Wachache waliokuwa wakihitaji msaada kwa kweli huangamia kwa sababu msaada waliopewa haukuwa ule uliofaa.

Ndiyo maana inampasa kila mkazi kujua mambo matatu: kumtambua kinda anayestahili kuachwa alipo, kujua la kufanya katika saa ya kwanza kwa yule aliyeumia, na kufahamu ni nani anayeruhusiwa kuendelea kumtunza.

Kwa nini makinda huanguka

Katika Kaunti ya Machakos, ndege wengi hutaga wakifuata mvua. Mvua huleta nyasi na mbegu, na muhimu zaidi, huleta wadudu. Hata ndege wanaokula nafaka wakiwa wakubwa, kama kwera na shomoro, huwalisha makinda wao wadudu laini, kwa kuwa mwili unaokua haraka unahitaji protini nyingi. Kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua ya kwanza, karamu huwa ya kila ndege.

Lakini mvua iyo hiyo huja na upepo. Kiota cha hua ni jukwaa dogo la vijiti ambalo hupeperushwa kwa urahisi. Kiota cha kwera, ijapokuwa kimesukwa kwa ustadi, huning'inia kwenye tawi jembamba ambalo huweza kukatika. Wakulima nao hupunguza matawi ya migrivelia kwenye kingo za matuta ili mazao yapate jua, na mara nyingi huangusha viota wasivyoviona. Kuna pia manati ya vijana, paka wa nyumbani, na nyoka wanaopanda miti.

Vilevile, si kila kifo kiotani ni ajali. Tai mweusi, anayejenga kwenye majabali na kuwinda pimbi, kwa kawaida hutaga mayai mawili, lakini kinda mkubwa humdonoa mdogo wake hadi afe. Wazazi hawaingilii kati. Yai la pili ni akiba tu, iwapo la kwanza halitaanguliwa. Binadamu anayejaribu kusuluhisha ugomvi huo huwafukuza wazazi na kuhatarisha maisha ya kinda aliyebaki.

Hatua tatu za ukuaji

Kabla ya kumgusa kinda, ni sharti kujua yuko katika hatua gani ya maisha. Ndege wengi wadogo wa bustanini hupitia hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ya aliyetoka kuanguliwa. Huyu yuko uchi au ana malaika chache tu, macho yamefumba, na hawezi kusimama. Hana uwezo wa kujipasha joto. Joto lote hulipata kwa mama aliyemlalia. Akianguka, baridi humuua kabla ya njaa, hasa katika vilima vya Iveti na Mua ambako usiku huwa na baridi kali.

Hatua ya pili ni ya kinda wa kiotani. Macho yamefumbuka, na kwenye mbawa zimechomoza ala nyembamba mithili ya sindano, ambazo ndani yake manyoya yanakua. Huyu pia mahali pake ni kiotani.

Hatua ya tatu ndiyo inayowapotosha watu wengi. Kinda amejaa manyoya, mkia wake ni mfupi, pembe za mdomo bado ni za manjano, na anarukaruka chini au kwenye matawi ya chini bila kuruka vizuri. Anayemwona hudhani ameanguka. La hasha! Ametoka kiotani kwa hiari, nayo ndiyo shule yake. Kwa siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, wazazi humfuata na kumlisha huku akijifunza kuruka, kujificha na kutafuta chakula. Kumbeba kinda huyu nyumbani ni sawa na kumteka mtoto akiwa njiani kwenda shuleni.

Kuna makundi yasiyofuata ratiba hiyo. Vifaranga wa kanga na kwale hutembea na kudonoa wenyewe muda mfupi baada ya kuanguliwa, kama vifaranga wa kuku. Akionekana mmoja peke yake kwenye nyasi, huenda mama yuko kichakani akisubiri hatari ipite. Makinda wa bundi nao hutoka kiotani na kukaa matawini kabla hawajaweza kuruka, na wengine huweza kupanda tena mti wenye gome la kukwaruza kwa kucha na mdomo.

Jambo jingine linaloshangaza ni kumwona kinda mkubwa akilishwa na ndege mdogo wa aina nyingine. Baadhi ya kekeo hutaga katika viota vya kwera, naye mlembe, yule ndege anayewaongoza warina asali hadi kwenye mizinga, hutaga katika viota vya wengine pia. Kinda wa namna hiyo hajapotea. Analelewa na mama wa kambo asiyejua kwamba ni wa kambo.

Kumrejesha kiotani

Kuna imani iliyoenea kwamba ndege humkataa mtoto wake akishaguswa na binadamu. Imani hiyo haina msingi. Ndege wengi hawatumii harufu kuwatambua watoto wao. Huwatambua kwa mahali walipo na kwa sauti, na mdomo mwekundu au wa manjano uliofunguka huwavuta wamlishe. Mzazi aliyehangaika wiki mbili kujenga na kuatamia hawezi kuacha kazi hiyo kwa sababu ya kiganja cha mtoto wa shule.

Kwa hiyo, kinda asiye na manyoya ambaye hajaumia arudishwe kiotani mara moja, baada ya kupashwa joto mkononi kama amepoa. Kama kiota kizima kimeanguka, kifungwe kwa kamba kwenye tawi lile lile au lililo karibu, mlango ukielekea ulikokuwa. Hilo ndilo lifaalo hasa kwa kiota cha kwera, kwa kuwa hufunikwa pande zote na mlango wake huwa upande wa chini.

Kiota cha wazi kilichosambaratika, kama cha hua au cha shore, huweza kubadilishwa kwa kikapu kidogo cha mkonge au mkebe uliotobolewa chini ili maji ya mvua yapite. Ndani hutandikwa nyasi kavu. Kikapu hicho hufungwa mtini, palipo na kivuli, mbali na njia ya paka.

Baada ya hapo, aliyemrejesha aondoke. Wazazi hawatakuja mtu akisimama chini ya mti. Inafaa kutazama kutoka mbali, kwa dirisha au nyuma ya ua, kwa muda wa saa moja au mbili. Ndege anayelisha huja na kuondoka kwa sekunde chache tu, na asiye makini hudhani hakuna aliyekuja.

Hata mzazi mmoja akifa, matumaini hayajaisha. Miongoni mwa kwezi wenye matumbo mekundu, wanaoonekana katika viwanja vingi vya Machakos, makinda hulishwa na kundi zima: wazazi, ndugu wakubwa na wasaidizi wengine. Ukoo huo huweza kumlea yatima bora kuliko binadamu yeyote.

Anayehitaji kuokolewa

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba kinda hawezi kuachwa alipo. Miongoni mwazo ni damu au jeraha, ubawa unaoning'inia, mguu uliopinda, mwili uliopoa na kulegea, kupumua kwa shida mdomo ukiwa wazi, au siafu na mabuu ya nzi kwenye ngozi. Aidha, kinda wa kiotani ambaye wazazi wake wote wamejulikana kufa anahitaji msaada.

Aliyeshikwa na paka ni mgonjwa hata kama hana jeraha linaloonekana. Meno ya paka ni membamba na tundu lake hufichwa na manyoya, ilhali mate yake yana bakteria wanaoweza kumuua ndege mdogo katika siku moja au mbili. Kinda huyo anahitaji dawa kutoka kwa daktari wa mifugo siku iyo hiyo. Kumwosha kwa maji ya chumvi hakutoshi.

Saa ya kwanza

Utaratibu wa saa ya kwanza ni mfupi, nao ni ule ule kwa karibu ndege wote.

Kwanza ni joto. Joto la mwili wa ndege mzima ni takriban nyuzi 40 hadi 42 za Selsiasi, juu ya lile la binadamu. Kinda aliye uchi anahitaji mazingira ya nyuzi 35 hivi. Chupa iliyojazwa maji ya moto na kuviringishwa katika kitambaa huwekwa upande mmoja wa katoni, ili kinda aweze kusogea mbali akizidiwa. Jiko la makaa halifai. Moshi na hewa yake ya sumu huua ndege upesi, kwa kuwa mapafu yao hufyonza hewa kwa wingi.

Pili ni giza na utulivu. Katoni itobolewe matundu, itandikwe kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha, kisha ifunikwe na kuwekwa mbali na redio, watoto na mifugo. Kwa ndege wa mwitu, sura ya binadamu ni sura ya mnyama mkali. Moyo unaodunda kwa hofu humaliza nguvu alizobakiwa nazo, na wapo wanaokufa kwa mshtuko tu, bila jeraha lolote.

Tatu ni kujizuia. Asipewe maji kwa kijiko, bomba la sindano wala pamba. Tundu la njia ya hewa la ndege liko wazi nyuma tu ya ulimi, na tone moja likipotea njia huingia mapafuni. Asipewe chakula kabla ya kupata joto, kwa sababu tumbo lililopoa halisagi kitu. Chakula hukaa humo na kuchacha.

Nne ni kuandika. Mahali alipookotwa, saa, na lililompata ni habari ambazo wataalamu watazihitaji ili kumtibu, na baadaye kumrejesha alikotoka.

Tatizo la chakula

Kosa kubwa zaidi hufanyika mezani. Maziwa hayafai kwa ndege yeyote. Ndege si mnyama anyonyeshaye, na tumbo lake haliwezi kusaga sukari iliyo katika maziwa. Humletea kuhara na kuishiwa maji mwilini. Mkate na ugali hujaza gole bila kulisha mwili. Kinda huonekana ameshiba huku mifupa yake ikilainika.

Kinachomfaa hutegemea aina yake. Shore na kuzumburu hula matunda, kwezi huchanganya matunda na wadudu, na mbayuwayu hula wadudu wanaoruka tu. Chozi, anayejulikana kwa kunyonya maua, huwalisha makinda wake wadudu na buibui wadogo. Njiwa na hua wana namna yao ya pekee: katika siku za mwanzo, baba na mama hutoa goleni uji mzito wenye mafuta na protini, na kinda huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi ili kuunywa. Kinda wa hua hafungui mdomo kama wa shomoro, ndiyo maana wengi hudhani amekataa kula.

Ratiba nayo ni ngumu. Kinda mdogo wa ndege wala wadudu hulishwa kila baada ya dakika 20 au 30, tangu alfajiri hadi machweo. Machakos iko karibu na ikweta na mchana wake ni wa saa 12 hivi. Kwa dakika 20, hiyo ni milo 36 kwa siku. Mtu mwenye shamba, duka au kazi ya ofisini hawezi kuidumisha kwa wiki mbili au tatu.

Ikiwa usiku umeingia au safari ya kumfikisha kwa wataalamu itachukua muda mrefu, kinda aliyepata joto na anayefungua mdomo anaweza kupewa vipande vidogo vya panzi laini au kumbikumbi walioondolewa mbawa, miguu na vichwa, au yai lililochemshwa likapondwa. Kipande kiwekwe ndani ya mdomo kwa kibano kisicho na ncha kali. Gole likivimba, kulisha kukome. Huo ni msaada wa siku moja, si malezi.

Bundi na tai

Ndege mbuai, yaani wale wanaoishi kwa kuwinda, wana hatari mara mbili: wanaogopwa na watu, nao huweza kujeruhi. Katika jamii nyingi za Kenya, Wakamba wakiwemo, bundi huhesabiwa kuwa ndege wa mkosi. Makinda wanaopatikana darini hupigwa mawe au kuchomwa. Hata hivyo, bundi wa darini hula panya kwa wingi, na familia moja yenye makinda hulinda ghala la mahindi usiku kucha bila malipo. Anayemuua bundi humwondolea panya adui yake mkuu.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2022, ukilinganisha hesabu za miaka ya 1970 na zile za miaka ya karibuni, ulionyesha kwamba miongoni mwa makundi 22 ya ndege mbuai yaliyochunguzwa nchini Kenya, 19 yalikuwa yamepungua. Sumu inayotegwa kwa ajili ya wanyama wanaoshambulia mifugo, nyaya za umeme na kupotea kwa makao ni baadhi ya sababu. Ndege hawa huzaa polepole. Tai mweusi huchukua takriban miezi mitatu kumlea kinda mmoja hadi aruke. Kwa hiyo, kila kinda wa tai anayeokolewa ana uzito mkubwa.

Silaha ya ndege mbuai ni kucha, wala si mdomo. Anayemshika amfunike kwa taulo zito au koti, ashike miguu yote miwili kwa pamoja juu ya vidole, kisha amtie katika katoni imara. Chakula chake ni mnyama mzima pamoja na mifupa na manyoya. Nyama tupu humnyima kalisi, na kinda aliyelishwa hiyo kwa wiki chache mifupa yake hupinda na kuvunjika. Anayeshukiwa kula sumu asishikwe kwa mikono mitupu.

Hatari kwa kuku

Katika boma nyingi za Machakos, mahali panapoonekana kumfaa kinda aliyeokotwa ni kizimba cha kuku. Ni mahali pabaya kupita kote. Njiwa na ndege wengine wa mwitu huweza kuleta kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza kundi zima la kuku wa kienyeji kwa siku chache, nao kuku huweza kumwambukiza kinda magonjwa asiyo na kinga nayo. Katoni ikae mbali na kuku, na aliyemshika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuwahudumia.

Panapoonekana ndege wengi wamekufa kwa pamoja, wasiguswe kabisa. Mnamo Januari 2017 homa ya ndege ilithibitishwa nchini Uganda baada ya ndege wa mwitu kufa kando ya Ziwa Victoria, na Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka nchi hiyo. Tukio la namna hiyo huripotiwa kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, na si kushughulikiwa na mwanakijiji peke yake.

Sheria na walezi wenye kibali

Wengi hawajui kwamba kufuga ndege wa mwitu bila kibali ni kosa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inawahesabu wanyamapori walio hai, na hata manyoya yao, kuwa nyara ambazo mtu haruhusiwi kuwa nazo bila idhini. Anayemwokoa kinda hana sababu ya kuogopa iwapo anapiga ripoti mapema. Anayemficha kwa miezi na kumgeuza pambo la nyumba ndiye anayejiweka matatani.

Ripoti hupelekwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kwa wakazi wa Matungulu na viunga vyake, maafisa wa shirika hilo hupatikana katika Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk. Jijini Nairobi, KWS ina makao ya wanyama yatima yaliyofunguliwa mwaka wa 1964 kwenye lango la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi.

Kwa bundi, mwewe, tai na kozi, lipo shirika la Kenya Bird of Prey Trust, lenye kituo cha matibabu Naivasha. Katika kituo hicho, ndege waliovunjika mbawa, waliopigwa na umeme au waliokula sumu hutibiwa, hufanyishwa mazoezi ya kuruka na kuachiliwa wakiweza kujiwindia. Nature Kenya, shirika lililotokana na chama cha wanahistoria ya viumbe kilichoanzishwa mwaka wa 1909, nalo huwasaidia watu kuwajua ndege wa maeneo yao.

Kumlea ni nusu ya kazi

Hata kinda akinusurika, safari yake haijafika mwisho. Mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1973, alionyesha miaka ya 1930 kwamba vifaranga wa bata bukini humfuata yule wanayemwona kwanza baada ya kuanguliwa na kumchukua kuwa mama, hata akiwa binadamu. Ndege aliyelelewa peke yake na watu hupoteza utambulisho wake. Huwaendea watu kuomba chakula, haogopi paka, haelewi milio ya wenzake, na hawezi kupata mwenzi. Kumwachilia ndege kama huyo shambani hakumpi uhuru bali humtupa.

Nchi jirani ya Rwanda imejifunza hilo kwa gharama. Kwa miaka mingi makinda wa korongo wenye taji walichukuliwa kutoka mabwawani na kufugwa katika hoteli na makazi ya watu kama mapambo, wengine wakikatwa au kuvunjwa mbawa ili wasiruke. Mwaka wa 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwakusanya kwa ushirikiano na serikali. Wenye afya walipelekwa katika Mbuga ya Akagera wajifunze upya maisha ya mwituni. Waliolemazwa hawakuweza kurudi. Hifadhi ya Umusambi Village ilijengwa karibu na Kigali ili wamalizie maisha yao humo. Waliowachukua korongo hao hawakuwa na chuki nao. Waliwapenda, lakini walipenda kuwatazama, si kuwaacha waishi.

Walezi wenye ujuzi huwalea makinda wa aina moja pamoja, huwalisha kwa kibano bila kuwazungumzia, na huwahamishia katika banda kubwa la nje ambamo hujifunza kuruka na kujitafutia chakula. Ndege huachiliwa asubuhi ya siku tulivu, karibu na mahali alipookotwa, wakati chakula kipo kwa wingi.

Bora kinga

Msaada ulio rahisi zaidi hauhitaji katoni wala kibano. Matawi ya miti ya shambani yapunguzwe katika miezi ya kiangazi kabla ya mvua, na mkataji achunguze viota kwanza. Paka afungiwe ndani asubuhi na jioni makinda wanapojifunza kuruka. Dawa za kuua wadudu zisinyunyizwe karibu na mti wenye viota, kwa kuwa panzi aliyepuliziwa dawa huishia mdomoni mwa kinda. Bundi akizaa darini, aachwe hadi watoto waruke, na tundu lizibwe baadaye kama mwenye nyumba hamtaki.

Shule nazo zina nafasi yake. Wildlife Clubs of Kenya, vilabu vilivyoanzishwa mwaka wa 1968 na wanafunzi wenyewe, vimefundisha vizazi vya Wakenya kuwatazama wanyamapori kwa jicho jingine. Mtoto aliyekaa nyuma ya ua kwa saa moja akamwona mama shore akirudi mara kumi na kiwavi mdomoni, atasita kabla ya kumwelekezea manati.

Kwa anayekutana na kinda kesho asubuhi, ushauri wote huo hukunjika katika maswali matatu. Je, ana manyoya na anarukaruka? Aachwe, au asogezwe tu kichakani mbali na njia. Je, yuko uchi lakini mzima? Arudishwe kiotani. Je, ana jeraha, amepoa au ameumwa na paka? Apewe joto, giza na utulivu, kisha mwenye kibali aitwe siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua.